Ulimbo wa Kijitoni

Mirta alikuwa amebakiwa na asubuhi moja. Alitoka Uruguai, akapanga chumba changu cha mbele kwa siku sita, na siku tano alizimaliza kwa miguu katika vilima vyetu, kamera kifuani, akimtafuta tomegini: ndege mwimbaji asiyezidi kidole gumba, mwenye utepe wa manjano shingoni. Alirudi na picha za majani. Wanaume wa kijiji chetu huwatega ndege hao tangu enzi za babu zao, wakawatia matunduni, wakatembea nao Jumapili kama watembezao wachumba. Porini walisalia wachache, tena waoga.

Mimi nilimjua mmoja. Aliishi na jike wake kando ya kijito kilicho chini ya nyumba yangu, na kwa miaka mitatu sikumtajia mtu. Nilijua kuwa siku moja atakamatwa. Nilitaka apigwe picha angali huru, ili pabaki mahali fulani, hata kama ni Uruguai, alama kwamba aliwahi kuwapo. Kwa sababu hiyo nilimpeleka Mirta kijitoni asubuhi mbili.

"Namsikia, bibi," aliniambia, "lakini simwoni. Ananicheka."

Njia ilikuwa moja tu, nayo niliichukia. Tomegini dume havumilii dume mwenzake aimbe katika makao yake. Ukitundika tundu lenye dume aimbaye, yule wa porini hutoka kuja kupigana. Ndivyo wafanyavyo wategaji. Basi asubuhi ile ya mwisho nilikwenda kwa jirani yangu Eliades, nikamkuta mlangoni, kofia kichwani, tundu mkononi.

"Mwalimu," alisema, maana mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. "Umekuja kunisimamisha tena ukutani?"

"Ungestahili. Nimekuja kuazima ndege wako."

"Wewe? Uliyeniita bwana jela dukani, watu wote wakisikia?"

"Na jina hilo sijakuvua. Mgeni wangu anataka kupiga picha, na leo anaondoka. Kijiti hicho cha juu ya tundu kina ulimbo?"

"Kina."

"Kitoe."

Akakitoa, akajifuta kwa majivu vidole vilivyonata ulimbo, kisha akanionyesha viganja vyote viwili kama mtoto anayekaguliwa kucha. "Umeridhika? Nilikuwa natoka naye sasa hivi, lakini nani atamkatalia Mwalimu? Mnakwenda wapi?"

Hapo ndipo niliposema uongo. "Juu, kwenye mashamba ya tumbaku."

"Huko hakuna neno," alisema, akanikabidhi tundu.

Tulishuka kijitoni. Nilitundika tundu kwenye mpera, chini ya tawi lililokauka, tukajificha nyuma ya jiwe. Ndege wa Eliades hakungoja kubembelezwa. Alianza kuimba mara moja. Yule wetu alijibu kichakani, akanyamaza, akajibu tena kwa karibu zaidi. Kisha akatoka. Alitua kwenye kijiti chembamba juu ya tundu, jua likampata shingoni. Nilisikia kamera ya Mirta ikilia mfululizo.

"Angalia, bibi," alinong'ona. "Amefungua mabawa. Anacheza."

Na kweli alikuwa ameyafungua. Nilingoja ayafunge. Hakuyafunga.

Nilikimbia jinsi nisivyowahi kukimbia kwa miaka hamsini. Juu ya mpera palikuwa na vijiti vinne vilivyochomekwa kwa ustadi kati ya matawi, vyote vikimetameta kwa ulimbo. Kadiri alivyojipapatua ndivyo bawa lilivyozidi kunata. Mirta alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. Hakuna kati yetu aliyejua pa kushika. Nilikata kijiti kwa kisu, tukapanda kilima nikiwa nimembeba pamoja na kijiti chake, Mirta akibeba tundu la Eliades, jike akilia nyuma yetu mpaka kwenye uzio.

Eliades alitazama mkono wangu kabla ya kunitazama usoni.

"Ulisema tumbaku."

"Nilisema."

"Vijiti vile nilivichomeka mapema leo. Nilirudi nyumbani kuchukua tundu tu." Alikwisha kumimina mafuta kiganjani, na vidole vyake vinene vilifanya kazi taratibu. "Ungenitajia kijito, ningekutangulia nikaving'oa. Kwa ajili yako ningeving'oa."

Nilimwamini. Ingekuwa nafuu kama nisingemwamini.

Ndege alibanduka, ila manyoya marefu ya bawa la kulia yalibaki kwenye kijiti.

"Yataota?" aliuliza Mirta.

"Huota, dada. Miezi. Akila. Lakini wa porini aliyekwisha kukomaa aghalabu hagusi mbegu."

"Basi tumrudishe kwa mwenzake."

"Akatembee chini kwa miguu? Paka watakushukuru."

Mirta alinitazama, kana kwamba mwalimu hana budi kuwa na jibu. Eliades akashusha tundu tupu ukutani, akalipuliza vumbi, akaniwekea miguuni.

Nililibeba kupita katikati ya kijiji. "Hata Mwalimu," alisema mtu kibarazani. Sikugeuka.

Kabla ya basi la saa sita, Mirta alinionyesha picha. Utepe wa manjano, kichwa juu, mabawa wazi, kila unyoya dhahiri. Chini ya vidole vya ndege kijiti kiling'aa kama kilicholowa umande.

"Sijapata kupiga picha nzuri kama hii," alisema kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wake. "Niifute?"

Nilimwambia aifute. Kisha nikamwambia asiifute. Basi likafika, akapanda, wala sijui alifanyaje.

Tundu nililitundika dirishani, upande wa kijito. Kila kunapopambazuka jike huja kwenye uzio, akaita. Dume humsogelea mpaka wavu umzuie, akakaa kimya. Leo ni siku ya tatu, na mbegu zimejaa vilevile kama nilivyozimimina.