Plagi ya Sita

Mwaka ule wa sabini na tano Onesphory ndiye alikuwa dereva na fundi wa lori la kijiji chao cha ujamaa, huko upande wa Tindiga. Mkewe, Fausta, alikuwa amemkimbia, kaenda kwa kaka yake Mikumi, akisema amechoka na mwanamume wa mambo nusunusu. Basi lori lilipotumwa Mikumi kufuata mabati ya ghala, mama yake Fausta, Bibiana, akaomba nafasi. "Nitamrudisha," alisema. "Kijana yule si mbaya. Nitamsemea mwenyewe."

Injini ya lori lile ilikaa humohumo kabini, chini ya mfuniko wa bati baina ya viti. Juu ya mfuniko alikalia gunia Mathayo, mwenyekiti wa kijiji, akiwa ukuta kati ya mtu na mama mkwe wake, maana kwa mila hao wawili hawasemeshani wala hawatazamani. Neno lilipitia kwake.

Mlimani lori likaanza kukohoa.

"Ndugu fundi, si ulibadilisha plagi za injini juzi?"

"Zote sita, Ndugu Mwenyekiti. Hii petroli ina maji."

Kumbe siku ile alibadilisha tano tu. Ya sita ilijibana nyuma kabisa, kati ya injini na ukuta wa kabini, mahali spana haina pa kuzungukia. Ilimchuna vidole, akafuta mikono, akafunga mfuniko. Mpya yake aliitupa kwenye sanduku la spana, ndani ya karatasi yake. Nani angeona?

Lori likazima.

Njia ya kuifikia ile plagi ilikuwa moja tu: kulala kifudifudi pale chini alipoweka miguu mama mkwe. Mathayo akamwomba mama ashuke. Akashuka, akajigeuza, kitenge usoni. Onesphory akavua shati, akajisokomeza, miguu ikaning'inia mlangoni, suruali ikamshuka kiunoni mbele ya mtu ambaye hakupaswa kumwona hata kwapa. Injini ilikuwa ya moto, ikamuunguza mkono. Akapuliza vumbi, akazungusha spana kidogo, akaitoa, akairudisha, tena kidogo.

"Nipe mpya, Mwenyekiti. Sandukuni."

Mathayo akafungua karatasi. Onesphory aliposogeza nje ile ya zamani, nyeusi kama mkaa, imeliwa na kutu, Mathayo akaishika mkono huu, na mpya mkono wa pili.

"Zote sita, eh?"

Onesphory akaipokea ile mpya. Aliivisha plagi mpya kipande cha mpira kiwe mpini, akaizungusha gizani kwa kupapasa hadi ikashika uzi wa tundu lake, akakaza kwa spana. Laiti pangekuwa na nafasi ya mwili mzima kubaki humo ndani, asingetoka.

Bibiana akasema, bado amegeuka: "Mwenyekiti, muulize mkwe wangu. Mwanangu naye alikuwa anamtunza mpaka pale mkono unapofika tu?"

Mathayo hakulipitisha swali; lilikuwa limekwisha sikika.

Lori likapanda kilima likiimba vizuri, jambo lililozidi kumuumiza. Mama alikataa kurudi kabini, akakaa nyuma kwenye bodi, vumbini.

Mikumi, mbele ya nyumba ya shemeji, mama alishuka na kifurushi chake. Mlangoni Onesphory aliona ukingo wa kanga ya Fausta. Akaweka mkono kwenye swichi azime injini.

"Mwenyekiti," mama alisema, "mwambie asizime. Kapakieni mabati yenu."