Inabana Kwapani

Wakala wa wanamitindo alinitazama toka kichwani hadi miguuni, na safari hiyo haikumchukua muda. Mimi mfupi, nyumbani kaka yangu ananiita Kibiriti.

"Jukwaani hupandi," alisema, "lakini mitindo si jukwaa tu."

Kumbe kuna wanaolipwa kwa mikono yao tu, ipigwe picha imeshika sabuni. Kuna wa nywele, wa miguu, na bibi mmoja mwenye mvi anayetangaza miwani, simu yake haitulii. Nilibaki mdomo wazi. Ila mikono yangu ina makovu ya mafuta ya moto, na nywele zangu bora tusizitaje.

"Basi nenda kiwandani," akasema. "Wanatafuta mtu wa kupimia nguo ya mfano kabla hazijakatwa kwa wingi."

Mama alikuwa amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nikikosa kazi ya mitindo, nikauze saruji dukani kwa mjomba. Siku ya majaribio akanisindikiza, mkoba kaukumbatia, ahakikishe hawa wanaolipa mtu kwa kuvaa si matapeli.

Chumba cha kupimia kilikuwa na kioo, benchi, na fundi mkuu, mwanamke wa makamo mwenye pini mdomoni. Alinivalisha gauni. Nikanyoosha shingo, nikatabasamu, nikageuka kwa madaha nilivyojizoeza. Gauni lilinikaba kiuno hadi pumzi ikawa ya shida, lakini sikusema. Ndivyo tulivyolelewa: mgeni hakosoi alichopewa.

"Vipi?" akauliza fundi.

"Zuri sana, fundi."

Akatoa pini mdomoni. "Mwanangu, sikukuita nikutazame. Nimekuita uniambie nisichoweza kukiona. Ukinidanganya wewe, mimi nitawadanganya wanawake wote wa saizi yako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akakohoa pale kwenye benchi, kile kikohozi chake cha "tutaonana nyumbani."

Fundi akaniletea nguo ya mwisho, sare ya wauguzi. Nilipomaliza kufunga vifungo, meneja akaingia kwa haraka zake.

"Hii imeshakaa sawa, si ndiyo? Vitambaa vimetandikwa, wakataji wananisubiri." Akanigeukia. "Dada, sema ndiyo tu, kazi uipate."

Nikajitazama kiooni. Nikiwa nimesimama, sare haikuwa na kosa hata moja. Lakini muuguzi gani anashinda amesimama kama mlingoti?

"Mama, lala hapo kwenye benchi," nikasema.

"Mimi?"

"Jifanye mgonjwa."

Akalala, huku akinung'unika kwamba hakuja pale kuumwa. Nikapitisha mikono chini ya mabega yake, nikamwinua. Katikati ya safari sare ikanikamata kwapani, mikono ikagoma, mama akabaki ananing'inia, hayuko juu hayuko chini.

"Inabana kwapani," nikasema. Nilijua naikata kazi kwa ulimi wangu mwenyewe. "Kwa kusimama inafaa. Kwa kuinua mgonjwa haifai."

Meneja akafungua mdomo, mama akamuwahi. "Baba, anayeanguka ni mimi! Inabana!"

Fundi hakubishana na mtu. Akafumua kwapa, akaongeza kipande, akakibana kwa pini. "Inua tena." Mama akaja juu kwa mkupuo mmoja, akacheka mwenyewe. Fundi akarekebisha karatasi ya mchoro wa kukatia, akamwambia meneja, "Huyu habanduki hapa," kisha akatupeleka ukumbi wa ukataji.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Kitambaa cheupe kilitandikwa tabaka juu ya tabaka, urefu wa ukumbi mzima, na karatasi ile imelazwa juu. Mashine ikaunguruma, wembe ukafuata mstari, ukakunja pale kwapani kwangu, ukapita tabaka zote kwa pamoja. Mkono wangu, mimi Kibiriti, ulikuwa umelala pale mara mamia, na kila mmoja ulikuwa unakwenda kwa mwanamke nisiyemjua.

Mama akagusa ukingo wa kitambaa kwa ncha za vidole.

"Kumbe siku nikiumwa kweli," akasema polepole, "atakayeniinua atakuwa amevaa mkono wako."

Nilimsogelea, tukatazama hadi mashine ikazimwa.