Moto wa Sebule ya Knockarra

Vijiti vilikuwa vikidondoka ndani ya dohani ya sebule, kimoja kimoja, vikigonga chuma cha meko. Dympna alivisikia gizani, amelala macho wazi, bintiye Sorcha amemlalia mkono. Akajua kunguru wadogo, wale wanaotaga ndani ya dohani, wameanza kujenga kiota. Ikifika Mei, kila mtu wa pande zile humulika dohani kabla hajawasha chochote. Kiota huziba njia ya moshi; asiyemulika hujaza nyumba moshi, na majirani wakamcheka mpaka Krismasi.

Lakini Tiernan, dalali, alikuwa ameagiza meko yote yawashwe. Wanunuzi walikuwa wanakuja kutoka Dublin kuliona jumba la Knockarra, la mabwana wa zamani, lililokarabatiwa kuanzia paa hadi ghala la mvinyo, pamoja na uwanja wake wa mialoni na kondoo. Alimwambia Dympna kwamba nyumba ya mawe isiyo na moto hunuka kaburi. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akajifanya anakohoa.

Fergal, mume wa Dympna, ndiye fundi aliyeyarudisha maua ya plasta kwenye dari zote. Gari lake liliteleza kwenye barafu wakati wa baridi, akafa. Mwenye jumba akawaruhusu mama na mtoto wakae vyumba viwili nyuma ya jiko mpaka apatikane mnunuzi. Akipatikana, watoke, waende wapi, hakuna aliyesema. Dympna hakulia alipoambiwa hayo. Hata mazikoni hakulia. Ilikuwa kama amevikwa glavu nene mwili mzima, anagusa vitu asivihisi.

Kulipopambazuka akawasha moto ukumbini, maktaba, chumba cha kulia. Kwenye sebule kubwa akapiga magoti, kiberiti mkononi. Moshi ungetosha. Wageni wangetoka mbio wakipiga chafya, jumba lingekosa mnunuzi mpaka mwakani, nao wangekuwa bado na pa kulala. Na nani angemlaumu? Si ameagizwa? Akawasha njiti.

Akainua macho darini. Pale pembeni palikuwa na waridi moja ambalo Fergal alilirudia na kulirudia, huku akilitukana. Masizi yangelimaliza. Akabaki akilitazama mpaka njiti ikamuunguza vidole. Akaipuliza, akaondoka.

Tiernan alipofika alikuta meko ya sebule ni baridi.

"Shemeji, mimi nilikuomba moto," alisema. Alikuwa amesoma na Fergal, na hakuwahi kumwita Dympna jina jingine.

"Kuna kunguru humo."

"Nao wamekuja kununua?"

Dympna hakucheka. Tiernan naye akaacha kutabasamu, akamwomba taratibu abaki jikoni na mtoto, wasionekane, maana wageni hawapendi kukuta nyumba ina watu wake.

Wanunuzi walikuwa mke na mume, watu wa sauti za upole. Dympna aliwasikia wakipita chumba hadi chumba, wakisifu dari, wakiulizana mtu aliyeifanya kazi ile alikuwa na subira gani. Wakafika kwenye korido, karibu na jiko. Yule mke akauliza kama kuna mtu anayekaa humu. Tiernan akajibu upesi kwamba hapana, jumba ni tupu kabisa.

Dympna alinyoosha mkono amshike Sorcha bega, lakini mkono ulichelewa. Mtoto alikuwa ameshausukuma mlango, kipande cha mkate mkononi, akasimama mbele ya wageni.

"Sisi tunakaa hapa," alisema.