Valvu za Marehemu na Kitambaa Kibichi

Akina mama wenzangu wa Kiryu, hasa ninyi mlioolewa na wanaume wa kusikiliza santuri, nawaandikia mapema kabla ya usafi wa mwisho wa mwaka. Kitu cha kioo cha mwanamume kisiguswe na kitambaa kibichi. Kipanguseni kwa brashi kavu, au kiacheni na vumbi lake. Mimi hakuna aliyenionya. Niliacha shule darasa la sita nikaingia kiwandani kufuma hariri, na mkono uliolelewa kiwandani ukiona vumbi hauombi ruhusa.

Mume wangu Shigeo alifariki miaka minne iliyopita. Aliacha amplifaya aliyoiunda mwenyewe, sanduku la chuma zito kama jiwe la kukandamizia figili za chumvi. Juu yake husimama valvu mbili, zile taa za kioo za redio za zamani, kila moja ukubwa wa biringanya, na zikipata umeme waya huwaka mwekundu ndani yake. Alikuwa na jozi mbili. Jozi moja ni ya Ujerumani, ya kabla ya vita. Aliitafuta kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Akihabara miaka kumi na mmoja, na alipoipata akaitengenezea kisanduku chenye bitana ya hariri. Jozi ya pili ilitengenezwa hapa hapa Japani, akaing'oa kwenye amplifaya ya jumba la sinema lililobomolewa. Mafundi wetu waliiga za Ujerumani kila kitu, nje na ndani, kwa hiyo valvu zote nne ni kama watoto wa mimba moja. Kilichozitenganisha ni maandishi ya rangi ya fedha kwenye kioo.

Siku ya usafi wa mwaka jana, Jumanne, nilizitia zote nne kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo. Zilikuwa na uchafu wa miaka. Nilipozitoa ziling'aa hata nikajisifu. Kisha nikatazama maji, nikaona yana rangi ya fedha.

Nilizipanga juu ya sinia zikauke, nikazunguka sinia, nikazunguka tena. Sikujua ipi ya Ujerumani, ipi ya sinema, wala nani pacha wa nani. Nikachukua mbili nikazisimamisha juu ya amplifaya, mbili nikazitia kisandukuni, nikaenda kukata kabichi.

Wiki nyingine yoyote ningeungama siku ile ile. Lakini Jumapili ilikuwa inakuja, na Jumapili ile ndiyo ingeamua maisha ya mwanangu.

Yoshiki ana miaka thelathini na mmoja. Alikuwa idara ya maji ya mji wetu, kazi ya kudumu, sare ya buluu, na kila jioni yuko nyumbani kabla wali haujapoa. Sasa alikuwa ametamani kuacha yote hayo afungue nyumba ya kahawa, zile ambazo watu huingia, wakaagiza kikombe kimoja, wakakaa saa mbili kimya wakisikiliza santuri za mwenye nyumba. Nilimwambia, "Yoshiki, mji hauachi kunywa maji. Santuri watu huacha kusikiliza." Akanijibu, "Ndiyo, mama," ile ndiyo ya kufunga mlango.

Ukumbi ulikuwepo tayari. Mwalimu Kanbara, mkuu wa wasikilizaji wote wa mji huu, anamiliki karakana ya zamani ya kufumia, yenye paa la meno ya msumeno, mashine zimeshaondolewa. Alimwambia Yoshiki, "Nyumba ya kusikilizia inabebwa na masikio ya mwenyewe. Jumapili tutakuja kwenu kulinganisha valvu za marehemu. Tutazificha. Ukizitambua raundi zote tatu, ukumbi ni wako. Ukishindwa, rudi kwenye mabomba."

Barua ya kuacha kazi ilikuwa imeshaandikwa. Yoshiki aliiweka kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya baba yake, ingoje Jumatatu. Kila asubuhi nilipompelekea marehemu wali na chai niliiona pale, na sitawaficha, nilimwomba marehemu amzibe mwanawe masikio.

Jumapili alasiri wakaja. Mwalimu Kanbara na kofia yake ya sufi, asiyoivua hata kwenye mazishi, na Bwana Nezu muuza tofu, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye hajapata kuwa na wazo ambalo Mwalimu hakulitangulia. Wakaingiza miguu chini ya meza ya blanketi, ile yenye moto wa kuota chini yake, nikawapa machungwa na chai. Wakatundika shuka langu mbele ya amplifaya. Hapo ndipo likazuka swali la nani atakaa nyuma ya shuka abadilishe valvu.

"Awe mtu asiye na upande," alisema Mwalimu.

"Basi ni Mama Yoshiki," alisema Bwana Nezu. "Huyu hajui tofauti ya valvu na balbu ya chooni."

Wakacheka. Nami nikacheka. "Kweli kabisa, Bwana Nezu," nikasema, "sizijui hata kidogo." Tangu Jumanne hakuna aliyesema ukweli mkubwa kuliko huo mjini Kiryu.

Mwalimu akanipa karatasi na penseli. Kila raundi nizime umeme, ningoje, nishike kioo kwa kitambaa, nitoe, nipachike jozi ninayotaka, niandike ni ipi, niwashe, ningoje zipate moto, kisha niseme tayari. Yoshiki alinitazama kwa wasiwasi.

"Mama, usiguse waya za chini hata ukiwa umezima. Umeme unabaki mle unangoja mtu."

"Baba yako alinifundisha kabla hujaota meno," nikamwambia. Sanduku lile lilipata kumrusha Shigeo hadi kwenye mlango wa karatasi, na shimo likabaki mwaka mzima.

Nikaketi nyuma ya shuka. Nikazitazama mbili zilizo juu, nikazitazama mbili za kisandukuni. Nikibadilisha, nitaandika nini? Nisipojua mimi, nani atajua? Na kioo cha moto, na umeme unaongoja mtu. Shetani akaninong'oneza kwa sauti ya Bwana Nezu: wewe hujui valvu na balbu ya chooni, basi usijue vizuri.

Sikubadilisha kitu.

Nilizima, nikangoja, nikaguna kama mtu anayeinua gunia, nikafungua kisanduku polepole nikakifunga, nikaandika "Ujerumani", nikawasha. Raundi ya pili nikaguna tena, nikagonga kisanduku kwa kiwiko, vioo vikalia mle ndani, nikaandika "Sinema". Raundi ya tatu kiwiko kilikuwa kinauma, kwa hiyo nilienda taratibu, nikaandika "Ujerumani". Kila mara Mwalimu alishusha sindano kwenye santuri ile ile, mwanamke anaimba na piano inamfuata nyuma kama mtumishi mwenye adabu. Ni sauti moja, santuri moja, valvu zile zile mbili ambazo hata mimi mwoshaji sizijui majina.

Nyuma ya shuka nikawasikia.

"Ah," alisema Mwalimu raundi ya kwanza. "Hariri. Msikie anavyovuta pumzi. Hizi ni za Ujerumani."

"Hariri tupu," alisema Bwana Nezu.

Raundi ya pili Mwalimu akakohoa. "Hapa pana moshi. Piano imeingia ndani ya ndoo. Ni za sinema."

"Ndoo," alisema Bwana Nezu. "Nilikuwa karibu kusema ndoo."

Raundi ya tatu hariri ikarudi, na Bwana Nezu akatoa leso. Nilikuwa nimeuma pindo la aproni yangu nisicheke.

Kwetu mkubwa husema kwanza, mdogo husema mwisho, na mdogo mwenye akili husema alichosema mkubwa. Yoshiki alikuwa amesikia majibu yote matatu. Angefungua kinywa tu ayarudie, ukumbi ungekuwa wake. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikaona sare ya buluu inaondoka na upepo wa Desemba.

"Haya, kijana," alisema Mwalimu. "Umesikia nini?"

Nilimsikia Yoshiki akiweka chini kikombe chake.

"Samahani, Mwalimu. Mimi nimesikia ni zile zile. Raundi zote tatu."

"Zile zile?"

"Hakuna kilichobadilika. Ni zipi sijui, lakini ni zile zile."

Bwana Nezu akacheka kwanza. "Labda yamejaa maji, masikio ya idara ya maji."

Mwalimu hakucheka. Akaomba karatasi yangu, nikaipitisha chini ya shuka. Akasoma kwa sauti: Ujerumani, Sinema, Ujerumani. Bwana Nezu akapiga makofi. Mkuu alikuwa amepata zote tatu, kwenye mtihani ambao haukuwepo. Ndipo nikaelewa alivyofanya bila yeye mwenyewe kujua: kisanduku kilipotulia alisikia hariri, kilipogongwa alisikia ndoo. Alikuwa anasikiliza kiwiko changu.

"Mwanangu," Mwalimu alimwambia Yoshiki, kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Maji ni kazi nzuri. Usiione aibu."

Yoshiki akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Akainuka, akaenda madhabahuni, akachukua barua yake, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni. Niliyaona yote kwa pembeni mwa shuka. Basi nimeshinda. Jambo nililomwomba marehemu nimelipata, na bila kusema uongo kwa kinywa, kwa penseli tu.

Lakini nitawaambia jambo. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, nilimwambia msimamizi kiwandani kwamba uzi mmoja umekatika ndani ya kitambaa. Akatazama kwa miwani yake, akasema haupo. Wote wakasema haupo. Kidole changu kiliugusa, na siku ile nilirudi bwenini nikiwa na kidole kisichoaminika. Mwanangu alikuwa amesimama mbele ya picha ya baba yake na uso ule ule niliokwenda nao bwenini.

Nikatoka nyuma ya shuka na kisanduku mkononi.

"Mwalimu, tafadhali shika hizi."

"Za nini, Mama Yoshiki?"

"Zishike tu."

Akaingiza mkono kisandukuni. Raundi ya pili, kwa karatasi yangu, valvu zile zilikuwa juu ya amplifaya zikiwaka, zimetoka pale muda wa wimbo mmoja tu uliopita. Valvu iliyotoka kuwaka huunguza kidole.

"Ni baridi," alisema.

"Baridi kama tofu ya Bwana Nezu," nikasema. "Hazijatoka humu tangu Jumanne. Sikubadilisha raundi hata moja. Mtoto amesema kweli."

Paka wa jirani alipita uani na tukasikia nyayo zake. Mwalimu akazirudisha valvu, akakifunga kisanduku kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu afungaye jeneza dogo.

"Kwa hiyo zilizo juu," aliuliza, "zilizokuwa zinapiga muda wote huu, ni zipi?"

"Sijui, Mwalimu. Niliziosha."

"Ulizi..."

"Na sabuni ya vyombo. Maandishi yalitoka."

Mwalimu akafumba macho. Yoshiki akaniangalia kama anayeniona mara ya kwanza. Bwana Nezu ndiye aliyeanza, kikoromo kidogo puani, kisha kicheko kikamshinda akaangukia kapu la machungwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amemtangulia Mwalimu, kwa sababu Mwalimu alicheka baada yake, kofia ikamtoka, tukaona kumbe ana upara.

Alipotulia akanyoosha mkono kwa Yoshiki. "Lete hiyo barua." Akaikunjua kwa kiganja, akaenda mwenyewe kuirudisha mbele ya picha ya Shigeo. "Nilisema masikio. Sikusema yawe ya kunifurahisha mimi."

Jumatatu barua ikaenda. Ndiyo hivyo, wenzangu. Nilishika hatima ya mwanangu mkononi, nikaiachia mwenyewe. Ukumbi ulifunguliwa majira ya maua. Sare ya buluu nimeipiga pasi, iko kabatini, huwezi kujua. Baridi ya mwaka huu ilipoanza mabomba ya karakana yaliganda, akayafungua Yoshiki mwenyewe mbele ya wateja. Nilisema nini kuhusu maji?

Mwalimu Kanbara anakuja kila mwezi kuamua, mara moja na kwa mwisho, ni zipi za Ujerumani. Mwezi wa nne alikuwa na hakika. Mwezi wa tano alikuwa na hakika zaidi, na zilikuwa nyingine. Anakunywa vikombe vitatu kila anapokuja, na huleta watu.

Mimi ninajua. Siku ya kuziosha, za kwanza kutia majini zilikuwa zile za kwenye hariri, na vidole vyangu viliona kwamba mbili hizo kioo chake kimechongoka kidogo kileleni, kama fundo la uzi. Kwa hofu ya siku ile nilisahau. Vidole vilikumbuka baadaye, nilipokuwa nazipangusa kwa brashi kavu. Simwambii mtu, maana akijua, Mwalimu atakunywa kikombe kimoja.

Nanyi pia nyamazeni. Na mkiombwa kukaa nyuma ya shuka, semeni mna kabichi jikoni.