Ripoti ya Tangi la Kwanza

Mtambo mzima wa majitaka ulimwita Sikio, na jina lilimkaa. Kwa miaka thelathini na mmoja aligusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye pampu, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Beringi ya nyuma hii. Haimalizi wiki mbili." Na kweli haikumaliza.

Msimamizi wa matengenezo aliingia pale akiwa hajui hata kushika spana. Sikio ndiye aliyemfundisha kazi. Kijana alipopandishwa cheo akawa bosi wake, waliendelea vilevile: mzee alimwita mwanangu, naye alimwita baba.

Jumatatu moja asubuhi walimwaga maji ya tangi la kwanza, lile lenye reki kubwa inayozunguka kukusanya tope. Watu wanne walishuka kukwangua kutu. Kufika saa nne mkurugenzi alikuwa amekwishapiga simu mara tatu: tangi linarudi lini? Msimamizi alipiga king'ora cha kuwatoa watu, akaona kofia zinapanda ngazi, akamwambia fundi umeme kwenye redio, "Washa."

Hakuhesabu zile kofia. Zilikuwa tatu.

Sikio alikuwa chini bado, ameipa reki mgongo, anakwangua. Mchomeleaji mmoja aliyekuwa juu alimwona, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, kisha akakimbilia swichi ya dharura. Reki ilisimama hatua moja tu kutoka mgongoni kwa mzee. Sikio akageuka, akatazama zile nyuso kule juu.

"Mbona mmetoa macho?" aliuliza huku akicheka.

Hakuna aliyecheka naye.

Mchana ule msimamizi alimwita ofisini. Akasimama nyuma yake, akamwita kwa sauti ya kawaida. Mara mbili. Mzee aliendelea kutazama dirishani. Alipomgusa bega, mzee alishtuka, akaelewa mara moja kwamba siri imetoka.

"Tangu lini, baba?"

"Mwaka wa tatu huu." Alikuwa akimtazama midomo. "Pampu nazisikia kwa meno, mwanangu. Naung'ata mpini msiponitazama, mtikisiko unaniambia. Watu ndio walionipotea."

Ripoti ilitakiwa kabla ya jioni. Msimamizi aliandika kwamba fundi hasikii, kwamba alificha, kwamba hakutii king'ora. Yote yalikuwa kweli. Kuhusu kuhesabu watu hakuandika kitu. Siku ya tatu barua ya kumstaafisha ikatoka. Sikio aliisomea chumba cha kubadilishia nguo, akaikunja, akavua buti, akatoka na kandambili. Hakumuaga mtu.

Msimamizi alikaa wiki mbili akila bila kuonja. Jumamosi ikamshinda, akaenda. Mke wa mzee alimfungulia mlango bila maneno, akamwonyesha ua. Sikio alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Mikono ile hakuwahi kuiona ikiwa haina kazi.

Msimamizi alivuta kiti, akainamisha kichwa, akasema yote kwa pumzi moja, machozi yakimdondokea viatuni.

"Inua uso," mzee alisema. "Ukiinama hivyo sijui unasema nini."

Ikabidi ayarudie, safari hii wakitazamana, neno kwa neno, polepole. "Niliwasha bila kuhesabu. Nilikuwa na haraka. Kwenye ripoti nikakuandika wewe peke yako."

Sikio aliondoa macho midomoni mwake, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Nilitazama juu, nikaona huna daftari la majina mkononi. Nikasema, huyu nimemfundisha mimi, atasema mwenyewe. Nimengoja." Alifuta uso kwa kiganja. "Nenda nyumbani. Nimechoka."

Mkewe ndiye aliyemsindikiza. Pale mlangoni alisema, "Usiku halali, mwenzio. Anasema kimya cha hapa, bila pampu, kinapiga kelele." Kisha akafunga.

Jumatatu msimamizi aliandika ripoti ya pili, akaipeleka kwa mkurugenzi mwenyewe, mkononi. Alivuliwa usimamizi, akapelekwa maabara kupima sampuli za maji. Sheria mpya ikabandikwa ukutani: hakuna kuwasha kabla ya kuita majina. Mafundi walidhani baada ya hapo mzee angerudishwa, wakaenda kuuliza. Wakajibiwa kwamba barua haibadiliki, kwa sababu kuhusu masikio ilisema kweli.

Mwezi uliofuata pampu ya tatu iliungua. Hakuna aliyeisikia ikiumwa.