Ndege ya Mwanza na Zipu ya Mwaka Juzi

Praxeda alifika uwanja wa ndege wa Kanombe, Kigali, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa safari ya saa tatu. Dereva wa teksi aliyemtoa nyumbani Batsinda, akilinyanyua sanduku lake kwa mikono miwili, alimuuliza kama anahama au anafukuzwa.

"Naenda kwenye sendofu ya mtoto," Praxeda akasema. "Ukilidondosha, tunakwenda wote ukajieleze."

Mtoto mwenyewe ni Flaviana, binti wa kaka yake Charles, na sherehe ya kumuaga kabla ya harusi ilikuwa Mwanza jioni hiyo hiyo, saa kumi na mbili. Katika ukoo wao bibi harusi haingii ukumbini peke yake, wala na wazazi wake. Hushikwa mkono na shangazi. Na shangazi alikuwa mmoja tu, Praxeda, karani wa ofisi moja ya Kacyiru, mwenye umri wa miaka hamsini na moja na magoti ya umri wa sabini.

Lakini kilichomwamsha alfajiri kabla ya kengele ya simu hakikuwa furaha. Mwaka juzi, kaka yake Flaviana alipooa, Praxeda naye alikuwa na tiketi ya Mwanza. Asubuhi ya safari akavaa sare aliyoshonewa sokoni Kimironko, akavuta pumzi, akavuta zipu, na zipu ikakataa. Akalala kifudifudi kitandani, akamwita jirani amvutie. Zipu ikasimama katikati ya mgongo kama askari kwenye kizuizi cha barabara. Kuna mambo mtu hawezi kumweleza kaka yake. Akampigia Charles simu, akamwambia ndege imefutwa. Kisha akashinda Batsinda siku mbili, kajifunga khanga, anakula maandazi, ambayo ndiyo yaliyoanzisha matatizo yenyewe.

Sasa, Charles alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na moja. Mtu wa namna hiyo haambiwi kitu, anaonyeshwa. Siku ile alipiga simu uwanja wa ndege wa Mwanza, akajibiwa kwamba ndege ya Kigali imetua kwa wakati, na abiria wanachukua mizigo. Hakugomba. Ila tangu siku hiyo, Praxeda hata akisema Kigali kunanyesha, Charles humuuliza, "Una ushahidi?"

Ndiyo maana safari hii vazi lilikuwa na mpira kiunoni, na mwenye vazi alikuwa amewahi kwa saa mbili na nusu.

Saa moja na nusu, sanduku limeshapimwa na kwenda zake, sauti ikatoka darini, tamu kama ya mtu anayetangaza zawadi. Safari ya Mwanza itachelewa kwa saa moja tu, kwa sababu ya hali ya hewa. Praxeda akatazama nje. Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu la kusingiziwa.

"Hali ya hewa ya wapi?" akauliza mwanamume aliyeketi kando yake. Aliitwa Kipchumba, Mkenya anayeuza mashine za kupozea maziwa, na alikuwa amekwisha kukwama katika viwanja vingi kiasi cha kuutambua uongo wa kila kimoja kwa harufu. "Dada yangu, hilo wingu liko ndani ya ofisi yao."

Saa moja si kitu. Praxeda akanunua chai. Ilipofika saa tatu, saa yenyewe ya kuondoka, sauti ikarudi na saa nyingine moja tu, safari hii kwa sababu ya mzunguko wa ndege. Abiria wakaenda kumzonga msichana wa kaunta, Kaliza, aliyekuwa na tabasamu la kazini na macho ya mtu aliyeanza zamu kabla ya jogoo.

"Mzunguko ni nini, mwanangu?" Praxeda akauliza.

"Ni ndege, mama. Iko inazunguka."

"Yaani hapa hakuna ndege," Kipchumba akasema.

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko inakuja. Mwihangane."

Mwihangane ni Kinyarwanda cha kumwomba mtu avumilie, na ni neno zuri, likisemwa mara moja. Kufikia saa nne Praxeda alikuwa amelihesabu mara kumi na tisa.

Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wa shirika lile. Jina lake tuliache, lisije likachelewesha na hadithi. Lingesema asubuhi ile kwamba ndege itaondoka jioni, watu wangelia, wangetukana, kisha wangetafuta njia nyingine. Praxeda angekodi gari dogo pale Kabuga, angevuka mpaka wa Rusumo, na hata baada ya Tanzania kumnyang'anya ile saa moja ambayo saa zao zinatutangulia, angeingia Mwanza jioni, mgongo umevunjika lakini yupo. Shirika halikusema hivyo. Liliikata siku vipande vipande, na kila kipande kilikuwa kidogo mno kwa mtu kukiondokea. Praxeda alipochoka na vipande na kuomba sanduku lake, Kaliza akasikitika kwa dhati.

"Mama, sanduku likishaingia huku, linatokea Mwanza."

"Na mimi?"

"Na wewe pia, mama."

Saa nne na nusu simu ikalia. Praxeda aliliona jina la Charles, akapokea kabla ya mlio wa pili.

"Shikamoo kaka. Bado niko Kigali. Ndege imechelewa."

Ikajibu sauti ya taratibu, kama ya mtu anayeandika anachosikia.

"Marahaba. Ndege. Imechelewa."

"Ndiyo, kaka."

"Kama ile ya mwaka juzi."

"Hii imechelewa kweli!"

Neno lilikwisha kutoka. Angeweza kulirudisha kwa meno angelirudisha.

"Kwa hiyo ipo iliyofutwa si kweli," Charles akasema. "Haya. Una ushahidi?"

"Nitauleta."

"Wenye muhuri. Saa kumi na mbili kamili ukiwa haupo, mtoto atashikwa mkono na mama yake mdogo, na jambo hilo halitarudiwa. Na kuanzia leo usinipigie tena kuniambia unakuja mahali. Sherehe zetu zitakuwa zinafanyika, na wewe utakuwa unasikia."

Akakata.

Praxeda aliitazama simu. Kilichomuuma ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu kwa nusu ya jambo lile. Nusu nyingine ilikuwa ya shirika, na shirika lilikuwepo hapo mbele yake, limevaa tai ya rangi ya machungwa.

"Mwanangu Kaliza, niandikie barua. Mistari miwili tu. Ndege hii imechelewa, huyu mama alikuwepo tangu alfajiri. Piga muhuri."

"Barua inatoka makao makuu, mama. Unajaza fomu kwenye mtandao. Siku saba za kazi."

"Sendofu ni saa kumi na mbili leo!"

"Basi chukua kuponi ya chakula."

Akaichukua. Ilikuwa kuponi ya mgahawa ulioko nje, upande ule wa pili wa polisi, mizani na Uhamiaji, ambako abiria aliyekwisha kupita harudi. Kipchumba aliigeuza kuponi yake huku na huku, akaitia mfukoni. "Nitamwonyesha mke wangu," akasema. "Ajue nilialikwa chakula."

Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Saa saba sababu zikageuka kuwa za kiufundi. Mtoto mmoja mchanga alilia, akanyamaza, akalala, akaamka, akalia tena, naye ndiye pekee pale aliyeeleweka. Saa saba na nusu Praxeda akagonga kaunta kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka, na akaletwa msimamizi, Bwana Bayingana, mtu mrefu mwenye redio kiunoni na upole wa kutisha. Alimsikiliza Praxeda mpaka mwisho. Akaitika kwa kichwa. Akaenda ndani, akarudi na karatasi moto kutoka kwenye mashine, ina nembo, ina saini, na chini kulia ina muhuri wa bluu, wa duara, mzuri, wa kumtoa Charles machozi.

Praxeda aliupiga picha, akautuma, ndipo akaketi na kuisoma. Ndiyo, kwa mpangilio huo.

Karatasi ilisema kwamba safari ya Mwanza itaondoka saa kumi jioni. Mbele ya neno hali, iliandikwa: kwa wakati.

"Bwana Bayingana! Hapa mmeandika kwa wakati!"

"Ndiyo, mama. Ratiba ilibadilishwa kuwa saa kumi. Saa kumi haijafika. Kwenye mfumo, ndege haijachelewa."

"Tumekaa hapa tangu asubuhi!"

"Hilo ni kweli," akasema kwa huruma kabisa. "Ila haliko kwenye mfumo."

Kipchumba alichukua karatasi, akaisoma kwa sauti, akamrudishia kama anayemrudishia mtu matokeo ya hospitali. "Wamekumaliza, dada. Na muhuri juu."

Alama mbili za bluu zikatokea kwenye simu. Charles alikuwa ameiona.

Praxeda hakungoja apigiwe. Akapiga yeye, amesimama pale pale kaunta, watu hamsini nyuma yake, na kwa haraka akabonyeza kipaza sauti bila kujua.

"Kaka, kabla hujasema kitu. Mwaka juzi nilikudanganya. Hakuna ndege iliyofutwa. Ni zipu."

"Nini?"

"Zipu, kaka! Ilikataa! Nilinenepa, nguo haikufunga, nikaona aibu kuja mbele ya wakwe na mgongo wazi. Nikasema ndege. Nikakudanganya wewe na mtoto, na nimekaa na jambo hili miaka miwili. Lakini leo sidanganyi. Leo hawa watu ndio waongo. Hata hiyo karatasi ni uongo, na muhuri wake ni uongo, na mimi ndiye niliyekutumia. Sina ushahidi mwingine. Nina hili tu."

Kaliza aliacha kuandika. Mama mmoja mnene wa nyuma akasema polepole, "Zipu ni adui, mwanangu," na watu wakaitika kama kanisani.

Kwenye simu kulikuwa na mwangwi wa ukumbi mkubwa, na magurudumu ya masanduku, na kwa mbali sauti ya mwanamke, tamu kama ya anayetangaza zawadi, ikisema ndege kutoka Kigali inatarajiwa baada ya saa moja.

"Kaka," Praxeda akasema. "Uko wapi?"

Charles alikohoa. "Uwanja wa ndege."

"Wa Mwanza?"

"Kwani kuna mwingine? Niko hapa tangu saa nne asubuhi. Nilikuja kukukamata." Sauti ya karani ilikuwa imemwishia, imebaki ya mzee aliyekaa kwenye kiti cha chuma siku nzima. "Nilitaka ndege itue, watu washuke wote, wewe usiwemo, nione kwa macho yangu. Sasa haitui! Kila nikisimama niende nikaoge, wananiambia saa moja tu. Mimi baba wa bibi harusi sijaoga! Kila nikiuliza, huyu binti ananiambia nivumilie. Nimemwomba aniandikie. Unajua amesemaje?"

"Siku saba za kazi."

"Siku saba za kazi!" Charles akafoka, na ukumbi wa Kigali ukapiga makofi, watu wakamsalimu kwa sauti moja. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kwa mtu yeyote kuwaelewa.

"Kaka, nenda kaoge."

"Zipu," Charles akasema, kama anayelionja neno. "Miaka miwili. Si ungefunga khanga juu, wewe?"

Akakata. Lakini hakukata kama asubuhi.

Ndege ilikuja. Saa kumi kasoro dakika tano ilitua, ndogo, haina haraka, kama imetoka matembezini. Wakapandishwa saa kumi na robo, milango ikafungwa, na wakakaa. Joto likapanda. Rubani akaomba radhi, akaomba dakika kumi na tano za karatasi fulani. Zilipokwisha, akaomba nyingine. Praxeda alihesabu kwa vidole. Wakiondoka sasa hivi, Mwanza wataona taa za uwanja saa kumi na mbili na nusu za kule, na Flaviana atakuwa amekwisha kuingia kwa mkono wa mama yake mdogo. Kuaminiwa alikuwa ameaminiwa. Mlango ndio uliokuwa unafungwa, na yeye amefungiwa mkanda ndani ya bomba la moto, hana hata mtu wa kumgombeza isipokuwa kiti cha mbele.

Simu ikatikisika mapajani. Ujumbe wa Charles, ameuandika kwa herufi kubwa zote, kama wito wa mahakama.

"NIMEWATANGAZIA WAGENI. SHEREHE INACHELEWA SAA MOJA TU. WAMEULIZA SABABU, NIMEWAAMBIA ZA KIUFUNDI. ZIPU SIJAITAJA. MTOTO AMESEMA HAINGII BILA WEWE. GARI LINAKUNGOJA UWANJA WA NDEGE."

Praxeda aliusoma mara mbili, akajipangusa uso kwa ile karatasi ya muhuri. Ilikuwa karatasi nzuri, inanyonya maji.

"Wanasemaje huko?" Kipchumba akauliza, shati lake likiwa limemganda.

"Saa moja tu."

Kipchumba akafumba macho, akaegemeza kichwa. "Na wao pia?"

"Hii ya kaka," Praxeda akasema, "naiamini."

Rubani akaomba dakika nyingine tano.