Walivyomla Loreng

Nawaambia mapema msije mkasema hamkuambiwa. Loreng alikuwa maksai mwekundu, pembe moja imepindwa mbele na nyingine nyuma, na walimla siku ya kufungua Arena ya Lodwar, mwaka wa elfu mbili kumi na tatu.

Arena ilijengwa katikati ya mji, palipokuwa na mnada wa mbuzi. Mwaka wa njaa ya themanini nilipanga foleni papo hapo, kopo mkononi, nikingoja mahindi ya manjano. Sasa pana paa la buluu, viti vya plastiki, na bango linaloahidi mpira wa vikapu, ndondi, kwaya na bendi za Nairobi, vyote mahali pamoja. Maji ya bomba hayakuahidiwa. Tangu isemwe kwamba mafuta yamepatikana, wenye tai shingoni wameota mjini kama miba ya mathenge.

Lokiru ni rafiki yangu, mtu wa Kakuma. Kwetu kijana huchagua ndama, humpinda pembe, humtungia nyimbo, na jina la yule ng'ombe huwa jina lake. Rika la Lokiru halikumwita Lokiru. Lilimwita Apaloreng, baba wa mwekundu. Ng'ombe wa namna hiyo hauzwi, wala hachinjwi wakati mwenye ng'ombe yu hai. Mturkana yeyote anajua hilo kabla hajajua kunawa uso.

Ethuro alilijua pia. Ni mtoto wa hapa, katibu wa kamati ya ufunguzi. Alikuja Kakuma na shati jeupe, akanikuta kwa Lokiru.

"Ejok, Apaloreng," akasalimu.

"Ejok nooi."

"Mzee, tunataka utamaduni. Wewe unaimba, Loreng anaingia, wageni wanaona. Halafu nyinyi wawili mnarudi na lori la kamati."

"Anarudi?"

"Sasa mzee, mimi naweza chezea ng'ombe ya jina ya mtu? Kwani nilizaliwa Ulaya?"

Nikamwambia, "Ethuro, ulisema hivyo hivyo juu ya madawati ya shule. Watoto bado wanakaa chini."

Akacheka. "Wewe na kumbukumbu zako! Ukifa tutakuzika mdomo ukiwa nje."

Lokiru naye alicheka, akakubali. Alitaka watu wamwone Loreng. Ni nani asiyetaka?

Kwenye lori tulipanda na Gatjang, Mnuer wa Sudan Kusini mwenye mkahawa katika kambi ya wakimbizi. Kamati ilikuwa imemwajiri apikie wageni, imemtafutia na kibali cha kutoka. Njia nzima alishika pembe za Loreng ili asianguke kwenye mashimo.

"Huyu iko na wimbo?" aliuliza.

"Anao," Lokiru akasema.

"Mimi pia alikuwa na yangu, nyeupe. Vita ilikula." Hata watu wa kabila lake wana ng'ombe wa jina, kumbe.

Tulipofika, kijana wa kamati alimshusha Loreng akampeleka mlango wa nyuma. Lokiru akataka kumfuata. "Wasanii mlango wa mbele," akaambiwa. Mlango wa mbele alisimama baunsa mwenye miwani myeusi.

"Fimbo haiingii, buda."

"Ni ya kutembea."

"Na hicho kijistuli?"

"Ni cha kukalia, na kulalia kichwa."

"Ukimrushia mheshimiwa je? Wacha vyote hapa."

Mturkana bila fimbo na kistuli chake ni kama amevuliwa nguo. Tukabishana juani mpaka kivuli cha paa kikahama. Huko ndani, ng'ombe wa karamu walioagizwa kutoka Lokori walikuwa hawajafika. Wainaina, mpangaji wa hafla kutoka Nairobi, aliniambia baadaye, macho yameangalia chini: yeye alimwona mwekundu amefungwa nyuma, akauliza ni wa nani. Ethuro akajibu, "Ni wa kamati. Chinjeni, mheshimiwa yuko njiani."

Mgeni hakujua, akauliza. Aliyejua ndiye aliyejibu.

Lokiru aliacha fimbo na kistuli langoni. Akapanda jukwaani na unyoya wa mbuni kichwani, akainua mikono ikawa pembe, moja mbele, moja nyuma. Akaimba. Loreng aliujua wimbo ule. Malishoni alikuwa akiusikia tu anaacha majani na kuja. Lokiru akaimba akitazama mlango wa nyuma. Akaanza upya, kwa sauti kubwa. Viti vya mbele wageni walikuwa wanakula.

Aliyetoka mlango ule ni Gatjang, aproni imejaa mafuta, kengele ya shingoni mwa Loreng mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Mzee," alisema, "nyama ililetwa kwa beseni, imekatwa. Mimi nimepika. Hii nimekuta saa hii, kwa ngozi."

Lokiru aliipokea kengele kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulibaki juu, bado ni pembe. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo.

"Tena, tena kwa utamaduni wetu!" akapayuka mshereheshaji.

Nilimpokonya maikrofoni. "Mnachotafuna ni jina la huyu mzee!" Wakazima mitambo. Viti vya nyuma wazee kadhaa waliweka sahani chini. Mmoja alitoka nje akatapika. Viti vya mbele waliendelea kula.

Ethuro akapanda jukwaani, anatabasamu kwa ajili ya kamera. "Apaloreng, kosa limetokea. Tutakupa wawili. Haya, watatu. Unataka wa rangi gani?"

Fimbo ilikuwa langoni. Lokiru alimpiga mdomoni kwa kengele.

Polisi walikuja upesi, jambo ambalo sijaliona mji huu mtu akiibiwa mifugo. Walimburuta Lokiru na unyoya wake. Kengele ikachukuliwa kuwa kielelezo. Nyuma yetu bendi ilikuwa imeanza.

Wiki nzima alilala seli kwa kuvuruga hafla na kujeruhi. Ethuro aliondoa mashtaka mwenyewe, meno yake mawili yakiwa yameng'oka, kwa kuwa magazeti yalianza kuuliza. Kengele hatukurudishiwa. Faili limefungwa, ofisa akasema, na vitu vya faili vimefungwa nalo.

Nilimngoja nje ya lango la kituo cha polisi pamoja na Gatjang, ambaye kibali chake kilikuwa kimeisha na ambaye hakukubali kuondoka. Nilikuwa nimeikomboa ile fimbo na kistuli kwa baunsa. Lokiru akatoka, kichwani hana unyoya.

"Apaloreng!" nikaita.

Akapita. Nikaita tena, nikakimbia kumfuata. Alikuwa anatembea kuelekea barabara ya Kakuma kama mtu asiyesikia chochote.

Gatjang alinishika bega. "Usiite hiyo jina," akasema. Kisha akaita yeye, taratibu, "Lokiru."

Akageuka.